Pilipili ya Bibi ya Nani?

Mji wetu una herufi kumi kwenye ramani, lakini wenyeji hutumia kama nne tu. Sisi tulipofika Louisville tuliusema wote, Lu-i-si-vi-li, kwa adabu, kama mgeni anayemaliza chakula ili mwenye nyumba asijisikie vibaya. Wenyewe husema kitu kama "Lavo", tena wakiwa wanafikiria mambo mengine. Nilipanda basi la shule miezi kadhaa kabla ya kugundua kwamba hiyo "Lavo" ya dereva ndipo mahali ninapoishi.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Naandika shajara kwa sababu kuongea kunanitoa jasho, hata kwa Kiswahili, na Kiingereza ndiyo usiseme. Darasani, lile darasa la watoto waliotoka nchi nyingine, nilikaa karibu na dirisha nikisikiliza tu. Mwalimu akamwita mama shuleni. Kupitia kwa mkalimani akamweleza kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto yuko katika kipindi cha kimya, na ni kawaida kwa anayejifunza lugha mpya. Mama akajibu kwamba kipindi hicho kilianza siku nilipozaliwa.

Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulifundishwa kujibu salamu ya Kiingereza kwa pamoja, kwa mdundo, kama kwaya: aim fain, thenki yu, end yu. Siku zangu za kwanza shuleni Louisville msichana mmoja aliniuliza hali kwenye korido. Nikampa jibu zima. Yeye alikuwa ameshapita, kwa hiyo ile "end yu" niliimalizia kwenye begi lake la mgongoni. Siku hiyo nilielewa kwamba kuna Kiingereza sahihi na kuna Kiingereza kinachosemwa, na watu wote wanaishi ndani ya hicho cha pili.

Nayaandika haya kwa sababu yalikuja kutufaa kwenye pilipili.

Mama alikuwa akifanya kazi ghalani, akifunga masanduku ya vitu vilivyonunuliwa na watu ambao hatutawaona kamwe. Mwaka 2015, mwishoni mwa kiangazi, supavaiza alitangaza ratiba mpya: kuanzia Krismasi, wafanyakazi wote wa saa kamili wataingia Jumapili. Asiyetaka Jumapili atapunguziwa siku, na kwa siku zitakazobaki tusingeweza kula na kulipa nyumba pamoja, labda tuchague kimoja.

Sasa mama ni sauti ya kwanza ya kwaya. Tangu baba afariki, Jumapili ndiyo siku pekee ninayomwona akiwa mrefu. Siku nyingine anatembea kama mtu aliyebeba kitu hata akiwa mikono mitupu.

"Wakinichukulia Jumapili," aliniambia akinisuka nywele, "nitakuwa mashine inayolala."

Halafu akavuta nywele kwa nguvu, kana kwamba supavaiza alikuwa amejificha humo.

Mlango wa kutokea ulikuwa pilipili. Bibi yangu, mama yake mama, alizikwa kule kambini, lakini upishi wake ulipanda ndege pamoja nasi: pilipili mbuzi, ndimu, kitunguu saumu, na karoti kidogo ya kudanganya macho, ili mtu adhani ni kitu cha upole. Mama alikuwa akiipika katika jiko la kanisa na kuigawa bure. Mjomba wangu, binamu yake mama, aliyekua naye kambini, alikuwa na duka la vyakula vya Afrika Columbus, karibu na chuo kikuu, kwenye mitaa ambako wanafunzi hupanga nyumba. Mjomba ni mtu mwema, mzee wa kanisa, na hajaoa. Hilo la mwisho ni kidonda. Wateja wake wengi ni Wakongo, na Mkongo akishapima mchele lazima aulize mwenye duka ataoa lini.

"Dada, pilipili nitaiweka," mjomba alimwambia mama kwenye simu. "Lakini chupa bila jina ni yatima. Siku hizi kitu ni brendi. Nataka mtu aingie mlangoni aiulizie kwa jina lake. Ikifika Krismasi hakuna anayeiulizia, utachukua chupa zako na tutabaki ndugu."

"Na wakiiulizia?"

"Wakiiulizia nitachukua kila utakachopika, na Jumapili utaimba mpaka malaika waombe maji."

Kazi ya kutafuta jina nikapewa mimi, eti kwa sababu ndiye niliyesoma. Sikuhangaika. Nikaandika "Pilipili ya Bibi", nikachora mama mmoja mwenye kilemba, tukachapisha lebo za rangi maktaba. Nilijiona nimemaliza. Bibi ni upendo, bibi ni jiko, nani duniani hana bibi?

Mwalimu wangu alikuwa akituonya kila wiki kwamba tusibebe sentensi kutoka nyumbani kama mzigo wa kuni na kuitua mbele ya watu. Sikilizeni kwanza wenyewe wanasemaje, ndipo mfungue mdomo. Shuleni nilimtii, kwa kuwa kutofungua mdomo ni kipaji changu. Kwenye pilipili sikukumbuka hata kidogo.

Tulianzia kanisani kwetu Louisville, baada ya ibada. Nusu ya watu wetu ni Warundi waliokulia Tanzania kama sisi, nusu ni Wakongo wa Kivu. Baba mmoja Mkongo, mwenye suti ya rangi ya zabibu, akashika chupa akaisoma kwa sauti ya kutangazia mkutano.

"Pilipili ya bibi. Bon. Bibi ya nani?"

Nikasema, kwa sauti ambayo ni shingo yangu tu iliisikia, "Ya bibi tu."

"Ya bibi tu? Donc ni bibi ya batu." Akageukia wenzake. "Mukuye muone. Banauzisha pilipili ya bibi ya batu. Mi nikipeleka hii ku nyumba, bibi yangu ataniuliza, uyu mwingine ulimutoa wapi?"

"Na nitakuuliza kweli," mkewe akasema nyuma yake. "Weka chini."

Ukumbi ukacheka. Nilikuwa nimesahau kitu nilichokisikia kila Jumapili: kwa Wakongo bibi ni mke. Bibi yangu mimi, wao wanamwita koko. Nilikuwa nimechukua picha ya marehemu bibi yangu, nikaiandika "mke wa mtu", nikaisambaza kanisani.

Yule mke akaichukua chupa mwenyewe, akaitazama yule mama wa kilemba usoni. "Sawa. Bibi ya batu, twende ku nyumba tujuane."

Wiki iliyofuata tukapeleka maboksi Columbus. Tukiwa bado tunapanga chupa kwenye rafu, kijana Mmarekani wa chuo akainama, akasoma lebo, akasema, "Baibai?" Akaniuliza kama ni kali kiasi cha kuuaga ulimi wako. Sikuwa na Kiingereza cha kumjibu kwa haraka, nikatikisa kichwa kukubali. Akafurahi sana.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema kwaheri."

"Mbona haondoki?"

Kwa hiyo chupa moja ilikuwa mzaa mama kwa Mrundi, mke wa jirani kwa Mkongo, na kwaheri kwa Mmarekani. Nikamwambia mjomba labda tubadilishe. Mjomba akakataa. Alisema brendi si soksi, haibadilishwi kila siku, watu watalizoea jina kama walivyozoea baridi. Kisha akazisukuma chupa rafu ya chini kabisa, nyuma ya magunia ya unga wa muhogo, maana rafu ya juu ilikuwa ya vitu vinavyoulizwa.

Majani yakaanza kudondoka. Kila Jumamosi mama alimpigia mjomba, na kila Jumamosi mjomba alijibu kwa sauti ya daktari.

"Bado, dada. Hakuna aliyeiulizia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wanafunzi wachache wanaiokota wenyewe. Lakini kuulizia kwa jina, bado."

Mama hakulalamika. Ila Alhamisi moja, kwenye mazoezi ya kwaya, nilimsikia akimfundisha mwanamke mwingine sehemu yake, mstari kwa mstari, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kupanda. Yule mwanamke alikuwa na sauti nzuri tu. Nilimchukia jioni nzima.

Novemba mama mdogo, mdogo wake mama, alitualika Buffalo, mtoto wa mumewe alikuwa anaoa. Wanaishi Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ambayo ndege ikipita vijiko vinaongea. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka nje. Mama akapangwa kupamba ukumbi, mimi nikapangwa jikoni kumenya viazi na mama wanne wa Kikongo, ambao walinisahau mara moja. Hiyo ndiyo faida ya kunyamaza. Baada ya muda unakuwa kama friji, na watu wanasema lolote mbele ya friji.

"Bwana yangu alienda Columbus kuona ndugu yake," mmoja akaanza. "Nikamwambia, papa, ukipita ku duka uniletee bibi ya batu. Akarudi mikono bure."

"Bibi ya batu njo nini?" mwingine akauliza.

"Si ile pilipili? Ya kichupa, na picha ya mama mwenye kilemba. Dada yangu wa Louisville njo alinionjesha. Inachoma sawa bibi ya batu kweli. Unajua ni hatari, na unarudia."

Walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini.

"Sasa bwana alikosa juu ya nini?"

"Mwenye duka alimufukuza. Eti, 'Hapa hakuna bibi ya batu, mi niko mutu ya Mungu.'"

"Kumbe hata yeye? Kaka yangu pia, mwenye duka alimufukuza. Alimuambia aende atafute bibi ya batu kwingine."

Kiazi changu kikasimama nusu uchi. Nilimwona mjomba kana kwamba yupo pale pale, nyuma ya kaunta yake, kidonda chake kikiguswa: wanaume watu wazima wanaingia dukani kwa mtu asiye na mke na kumuuliza kwa uso mkavu kama mke wa mtu yumo humo ndani. Alikuwa hadanganyi aliposema hakuna aliyeulizia Pilipili ya Bibi. Hakuna aliyekuwa anaiita hivyo. Watu walikuwa wamekwisha kuipa jina, wakalitembeza kutoka Louisville mpaka Buffalo kwa miguu yao wenyewe, na mjomba alikuwa akilifukuza mlangoni.

Nilijua lazima niseme. Niliisuka sentensi kichwani, nikaifumua, nikaisuka tena. Ndege ikapita, vijiko vikaongea, nikaona bora nitokee humo humo katikati ya kelele.

"Ile pilipili ni ya mama yangu."

Ndege ilikuwa imeshamaliza kupita. Wote wakageuka.

"Kumbe aka katoto kanasema," mmoja akasema. "Mama yako ni nani?"

"Yule anayefunga vitambaa ukumbini."

Wakanyanyuka na aproni zao. Mama alikuwa juu ya kiti, pini mdomoni, aliposikia nyuma yake mama wanne wakimwita kwa furaha, "Bibi ya batu! Bibi ya batu, shuka tukusalimie!"

Mama alitabasamu kwa adabu mbele ya wageni, kwa namna ninayoijua. Hasira yake aliihifadhi mpaka kwenye gari.

Njia ya kurudi Louisville inapita Columbus, na tulikuwa tumeshapanga kusimama dukani kuchukua maboksi yetu, maana mama hakutaka kufunga safari nyingine Krismasi ikifika. Nilimweleza mama yote kabla hatujaiacha theluji nyuma. Sijawahi kuongea mfululizo namna ile. Alisikiliza mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.

"Nimeelewa," akasema. "Jibu ni hapana. Kwanza ni dhambi. Mimi nasimama madhabahuni, siwezi kupika kitu kinaitwa mke wa mtu. Pili ni Kiswahili kibovu. Batu! Ni watu. Wa-tu."

"Wao wanasema batu."

"Wakosee wao, mimi niandike?"

"Mama, tunaishi wapi?"

"Unaniuliza mimi? Luisivili."

"Wenyewe wanasemaje?"

Tukapita malori mawili.

"Lavo," mama akasema.

"Na barua zetu zinafika?"

Akawasha redio, akaizima. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine ambalo sikulisema, akiba yangu ya maneno ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nafikiri kwamba shuleni nilianza kuwa mtu siku walipofupisha jina langu. Mwanzoni walilisoma lote, polepole, kama onyo la dawa. Walipolikata wakabakiza silabi moja, ndipo wakaanza kuniita wakati wa chakula. Nilinuna kidogo, lakini nilienda kukaa nao. Neno jipya huwezi kulilinda mdomoni mwako. Likitoka, linatafunwa, na ukiona linatafunwa ujue limekuwa chakula.

Dukani tulikuta maboksi yetu yameshafungwa kwa gundi, yako mlangoni. Mjomba alimkumbatia mama kwa huruma nyingi kupita kiasi. Kabla mama hajafungua mdomo akaingia mteja, baba wa Kikongo na binti yake mdogo aliyekuwa akimjibu kila kitu kwa Kiingereza.

"Papa, jambo. Bibi ya batu iko?"

Mjomba alivimba. "Ndugu yangu, nimewaambia mara ngapi? Hapa ni duka la mtu anayemcha Mungu, na kama mke wa mtu amepotea—"

Nikapasua gundi, nikatoa chupa, nikaiweka kaunta. "Iko hii."

"Voilà," yule baba akasema. "Uniongezee zingine."

Mjomba akaitazama chupa. Akamtazama mteja. "Hii? Hii ndiyo bibi ya batu?"

"Sasa wewe ulizania nini, papa?"

Mjomba akakaa juu ya gunia la mchele. "Nimefukuza watu tangu Septemba," akasema polepole. "Nilidhani mnanisingizia."

"Na sisi tukasema, uyu mutu kwa vile anakasirika, lazima kuna bibi anamuficha."

Binti yake akauliza kitu kwa Kiingereza, baba yake akamwambia ni mambo ya wakubwa. Mjomba alikuwa anacheka sasa, ameshika kichwa, na machozi yanamtoka. Mama peke yake hakucheka. Alimsogelea yule mteja.

"Baba, samahani. Kwenu hilo jina mnaliandikaje? Ni watu, au ni batu?"

Yule baba akafikiri kwa dhati. "Mama, sisi hatuliandikake. Tunalisemaka tu."

Mama akaomba makapeni. Akavuta boksi moja, akaandika juu yake kwa herufi kubwa, BIBI YA, akasimama hapo muda, makapeni hewani. Mjomba akataka kumsaidia, nikamkanyaga mguu. Mwisho mama akaandika BATU, akaipigia mstari chini kama mwalimu anayesahihisha.

"Mungu anaangalia moyo," akasema. "Kaka, rafu ya juu."

Ilibaki ghala. Tulipofika nyumbani mama alisubiri siku ya kazi, akampigia supavaiza mchana, akaweka simu mezani kwa spika ili nitafsiri. Nilikuwa nimejiandaa na sentensi nzuri. Sikupata nafasi hata ya moja. Mama alianza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha ghalani, ambacho kina namba, rangi za masanduku na neno "haraka".

Akasema, "Jumapili, hapana. Punguza siku. Mimi biashara."

Supavaiza akauliza, bila ubaya, biashara gani.

Mama akanitazama, akanyoosha kidole kunizuia. Nilimwona akilitafuta jina la brendi yake, akilibeba neno kwa neno mpaka kwenye Kiingereza, kwa uangalifu wote, bila kumwaga hata tone.

"Mke wa mtu," akamwambia.

Upande wa pili kukawa kimya. Mimi ni mtaalamu wa kimya, na kile kilikuwa cha mtu anayetafuta mahali pa kuweka alichosikia. Nikaisogelea simu. Nikasema ni pilipili. Nikasema ni ya chupa, inauzwa Columbus, ni jina tu. Nikasema mama yangu anaimba Jumapili. Sauti yangu ilitoka yote, mpaka nikashtuka kuisikia ikirudi kutoka ukutani.

Supavaiza akacheka, akasema atabadilisha ratiba, halafu akauliza kama inachoma sana.

"Nimekosea wapi?" mama akaninong'oneza.

"Hujakosea, mama. Anataka chupa moja."

Mama alikuwa ameshainuka, anatafuta daftari la nyimbo chini ya mito ya kochi, na huku anapandisha sauti kidogo kidogo, aone kama bado inafika juu.